Mwaka Ambao Ngome Kongwe Ilikaa Kimya: Kisa cha Sauti za Busara na Fedha za Umma

Februari ya mwaka 2016 ilipita Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, bila tamasha la muziki la Sauti za Busara. Kwa miaka 12 mfululizo, tangu 2004, watu wa Unguja walikuwa wamezoea kwamba mwezi wa pili ukifika gwaride litapita mitaani, matarumbeta ya beni yakilia na watoto wakikimbia pembeni, kisha jioni milango ya Ngome Kongwe inafunguliwa. Mwaka ule wauza urojo na mishikaki waliwasha taa zao kama kawaida, wageni wakala wakaondoka, na ndani ya kuta za Ngome hapakuwa na jukwaa wala fundi wa kupima spika.

Sauti za Busara haikuzuiwa na mvua, wala fujo, wala ugomvi wa waandaaji. Ilikosa fedha. Waandaaji wake, Busara Promotions, ni asasi isiyo ya kiserikali na isiyogawa faida, iliyosajiliwa Zanzibar mwaka 2003. Mwaka 2015 walitangaza kwamba tamasha la mwaka uliofuata halitafanyika, kwa sababu michango iliyoahidiwa haikufika kiwango ambacho kingewawezesha kusaini mikataba bila kujiingiza kwenye madeni. Lilirudi Februari 2017.

Mtu akitazama kalenda anaweza kudhani ni siasa. Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 25 Oktoba 2015, matokeo ya Zanzibar yakafutwa siku chache baadaye, na ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016. Februari iliangukia katikati ya msukosuko huo. Lakini tangazo la kuahirisha lilitoka kabla ya kura kupigwa. Tamasha lilikuwa limekwama kifedha wakati ambapo hakuna aliyejua uchaguzi ungeishaje. Nalitaja hili kwa sababu ni rahisi mno kwetu kuisukumia siasa kila kitu, na tukifanya hivyo hapa tutaukosa ugonjwa wenyewe, ambao ulikuwepo kabla ya uchaguzi ule na haujapona mpaka leo.

Ugonjwa huo uko kwenye hesabu. Tamasha la muziki wa jukwaani lina vyanzo vichache vya fedha: tiketi mlangoni, kampuni zinazotaka nembo zao zionekane, hoteli na mashirika ya ndege yanayotoa vyumba na viti badala ya pesa taslimu, na wafadhili. Kwa Sauti za Busara wafadhili hao kwa miaka mingi walikuwa balozi na mashirika ya utamaduni ya nje, na ubalozi wa Norway ndio uliobeba mzigo mkubwa kwa muda mrefu. Waandaaji, akiwemo Yusuf Mahmoud aliyeliongoza tamasha tangu mwanzo, wameeleza mara nyingi kwamba mapato ya tiketi peke yake hayabebi gharama. Hazina ya umma ya nchi lilimo tamasha haikuwa na fungu la kudumu la kuziba pengo.

Msomaji atauliza: kwa nini tiketi zisitoshe? Kama watu wanaupenda muziki, si walipe?

Chukua kikundi cha taarab asilia. Kuna fidla kadhaa, udi, kanuni, nai, akodiani, besi, dumbaki, waitikiaji na mwimbaji. Wimbo mmoja wa taarab unaweza kwenda dakika kumi na zaidi, na ili upigwe vizuri unahitaji watu wale wale, kwa muda ule ule, kama ulivyohitaji miaka 60 iliyopita. Kiwanda cha sabuni kimepata mashine, na mfanyakazi mmoja leo anatoa kazi ya watu kumi wa zamani. Mpiga kanuni hawezi kuupiga wimbo wa dakika kumi kwa dakika moja, wala mmoja hawezi kushika fidla nne. Maisha yanapanda bei, nauli ya boti inapanda, mafuta ya jenereta yanapanda, na mpiga fidla naye ana watoto wa kusomesha. Gharama ya sanaa ya jukwaani inapanda kila mwaka kama gharama nyingine zote, ila yenyewe haina pa kubana. Inayobaki ni kupandisha tiketi mpaka mwenyeji ashindwe kuingia, kuwapunja wasanii, au kuwapa CD waigize kuimba.

Sauti za Busara walikataa njia zote tatu. Tangu mwanzo walishika msimamo kwamba jukwaani muziki unapigwa, hauchezwi kutoka kwenye kinasa. Na tiketi ya Mtanzania wakaiweka chini sana kuliko ya mgeni wa kutoka nje, ili kijana wa Kikwajuni aweze kusimama mbele ya jukwaa moja na mtalii aliyesafiri kwa ndege kwa muda wa saa kumi. Uamuzi huu ndio moyo wa tamasha, nami nauheshimu kwa dhati. Lakini ndio huo huo unaotoboa mfuko. Kila mwenyeji anayeingia kwa bei anayoimudu anaacha pengo dogo, na mapengo hayo yakijumlishwa lazima mtu ayalipe. Kwa miaka mingi aliyeyalipa ni mlipa kodi wa Oslo.

Ukiongeza hapo gharama za kisiwa, hesabu inazidi kukaza. Mitambo mingi huvushwa kutoka Dar es Salaam. Wasanii wa Mali, Afrika Kusini au Kisiwa cha Réunion wanahitaji tiketi za ndege, malazi na vibali. Ngome ni jengo la karne ya 17 ndani ya Mji Mkongwe ulioandikwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, kwa hiyo huwezi kupigilia msumari popote unapotaka. Na umeme! Kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 Unguja ilikaa takriban miezi mitatu gizani baada ya hitilafu kwenye njia ya umeme inayotoka Bara. Tamasha la Februari 2010 liliangukia katikati ya giza hilo, na lilifanyika, kwa jenereta. Watu waliovuka mtihani ule hawawezi kuambiwa kwamba mwaka 2016 walishindwa kwa uzembe.

Nani anavuna Februari? Mwenye tamasha anavuna mlangoni tu. Hoteli za Shangani zinajaa, dereva wa teksi anakwenda uwanja wa ndege mara tano kwa siku, mshona nguo anapata oda, muuza pweza anamaliza sinia kabla ya saa nne usiku, kampuni ya boti inaongeza abiria. Na katika kila hatua hiyo Serikali inakusanya chake: kodi ya ongezeko la thamani, tozo ya hoteli, tozo ya miundombinu, ada za uwanja wa ndege na bandari. Hakuna kosa hapo, ndivyo kodi inavyofanya kazi. Ila mto huu unakwenda upande mmoja tu. Thamani inazalishwa na asasi yenye watumishi wachache wa mwaka mzima, inasambaa mji mzima, sehemu yake inaingia hazina, na hakuna mfereji wa kurudisha hata kidogo pale ilipotoka. Wageni waliofika Zanzibar mwaka 2015 hawakutimia 300,000. Mwaka 2024 walipita 700,000. Hawakuja wote kwa ajili ya muziki, na itakuwa uongo kudai hivyo. Lakini Zanzibar inajiuza duniani kwa bahari, karafuu, Mji Mkongwe na muziki wake, na kati ya vyote hivyo muziki ndio pekee unaoachiwa ujitafutie wenyewe.

Kuna wanaosema kwamba fedha za umma kwenye muziki ni fikra ya Wazungu, isiyo na asili kwetu. Historia ya taarab inakataa. Kwa masimulizi yanayokubalika zaidi, Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ndiye aliyemtuma Mohammed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kanuni, na akarudi kufundisha wengine. Fedha zilitoka kasri, yaani hazina ya nchi ya wakati ule. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905 na vijana wa mjini. Culture Musical Club ina asili ya mwaka 1958, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikawa chini ya mamlaka ya utamaduni ya Serikali, na jina lake bado linabeba alama hiyo. Kwa zaidi ya miaka mia moja, muziki tunaojivunia mbele ya wageni umekuwa na mkono wa dola nyuma yake, kwa sura moja au nyingine. Kilichotokea kuanzia miaka ya 1980, Serikali zilipobana matumizi, ni kwamba mkono huo uliondolewa taratibu, na balozi za nje zikajaza nafasi. Tuliizoea hali hiyo hadi tukaiona ndiyo asili.

Na mfadhili wa nje hana kosa la kuondoka. Ana bajeti yake, bunge lake, vipaumbele vyake. Leo ni utamaduni, kesho ni tabianchi, keshokutwa ni wakimbizi. Mwaka ambao vipaumbele vinabadilika katika mji mkuu wa mbali, mpiga zumari wa Makunduchi anakosa kazi, na hakuna mbunge wala mwakilishi wake anayeweza kuulizwa, kwa sababu uamuzi haukupita mikononi mwao.

Jirani ya Ngome, hatua chache kando ya bahari, kisa kile kile kilijirudia kwa sura nyingine. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kilifungua milango mwaka 2002 katika Jumba la Forodha la zamani, na humo ndimo vijana wengi waliopanda jukwaa la Ngome walikojifunzia kanuni, udi na fidla. Mwaka 2019 kilikaribia kufunga. Ufadhili wa nje ulikuwa umekatika, na ada ya takriban dola 13 kwa mwezi ilikuwa nzito kwa wanafunzi wake wengi. Ukitazama taasisi hizi mbili pamoja, unaona mnyororo mmoja: shule inayomtengeneza mpigaji, na jukwaa linalompa kazi. Zote mbili zimewahi kufika ukingoni, na zote kwa sababu ile ile.

Hapa ndipo watu husema: lakini sasa kuna mifuko. Ni kweli. Tanzania Bara ina Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na katika miaka ya karibuni umetoa mikopo kwa wasanii kupitia benki. Nimefurahi kuona sanaa inachukuliwa kuwa kazi. Mwenye studio anayenunua kamera na kukodisha anaweza kulipa mkopo, na masharti nafuu yatamwinua. Lakini mkopo ni kwa kitu kitakachorudisha zaidi ya kilichoingia. Asasi isiyogawa faida, ambayo imechagua kwa makusudi kumwingiza mwenyeji kwa bei ya chini, inajua tangu Julai kwamba Februari itapungukiwa. Ukiipa mkopo, umeihamishia upungufu wa mwaka huu kwenye mwaka ujao, na riba juu. Miaka mitatu ya namna hiyo inatosha kuifunga kabisa. Dawa ya pengo la aina hii inaitwa ruzuku.

Niliwahi kushika daftari la fedha la kikundi kidogo cha ngoma. Tulikwenda ofisi moja kuomba msaada wa kusafiri kwenda kwenye tamasha la mkoa mwingine, tukapokelewa vizuri, tukapewa fomu. Kipengele cha nne kiliuliza dhamana. Tulikuwa na ngoma nne, zumari moja na sare za watu 14. Mzee wetu wa kikundi aliisoma fomu taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni, akasema, "Mwanangu, hawa wanataka nyumba, na sisi tumekuja na ngoma." Hatukusafiri. Yule karani hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na fomu moja tu mezani, nayo iliandikwa kwa ajili ya mfanyabiashara.

Tena kuna kizuizi cha kikatiba ambacho wengi hukisahau. Utamaduni si jambo la Muungano. Fedha za utamaduni za Bara zina njia yake na za Zanzibar zina yake, kwa hiyo asasi ya Mji Mkongwe haiwezi kutazama Dodoma na kutulia. Lazima jawabu la kisa hiki lipatikane Zanzibar, kwenye bajeti inayopitishwa na Baraza la Wawakilishi.

Kwa nani zipitie fedha hizo ni swali gumu kuliko kiasi chenyewe. Chombo kinachosimamia sanaa Zanzibar kinaitwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, BASSFU. Jina linajieleza: kukuza na kukagua vimewekwa nyumba moja. Simtuhumu mtu yeyote aliyemo. Nasema tu kwamba mkono unaoweza kuzuia wimbo usiwe ndio mkono unaotoa ruzuku, maana mwombaji atajikagua mwenyewe kabla hajakaguliwa, na muziki utapoa bila hata barua moja kuandikwa. Nchi zilizofanya hivi kwa muda mrefu, Uingereza tangu 1946 na Norway yenyewe tangu miaka ya 1960, zimeweka baraza la sanaa lenye watu wanaoijua kazi, linalopokea fungu kutoka Serikalini na kuligawa bila waziri kuchagua nani apande jukwaani. Si mfumo usio na lawama. Ila umeweka umbali kati ya anayetoa na anayeimba, na umbali huo ndio unaomlinda pia waziri: wimbo ukimuudhi mtu, hakuna atakayemuuliza kwa nini aliulipia.

Kenya wamejaribu njia nyingine, Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, unaochota kwenye kodi za michezo ya kubahatisha. Wazo la kuifungia sanaa chanzo maalumu cha mapato ni zuri, na kwa kisiwa cha utalii chanzo chenyewe kiko wazi: kipande kidogo cha tozo ambazo mgeni tayari analipa. Lakini tahadhari ipo ndani ya jina la mfuko ule. Sanaa ikilala kitanda kimoja na mpira wa miguu na huduma za jamii, itasukumwa mpaka ukutani. Ifunguliwe akaunti yake yenyewe.

Hoja ya hospitali nimeisikia mara nyingi na siipuuzi. Mtu anauliza utatoaje fedha za umma kwa tamasha wakati kuna wodi isiyo na vitanda. Najibu kwa kutazama ukubwa wa kitu. Pengo lililoizuia Sauti za Busara mwaka 2016 halikuwa la mabilioni ya kujengea hospitali. Lilikuwa pengo ambalo kundi la balozi chache lilikuwa likiliziba kila mwaka kama sehemu ndogo ya kazi zao. Na kuliacha pengo hilo hakukuongeza kitanda hata kimoja. Kulipunguza wageni wa wiki moja ya Februari, pamoja na kodi ambazo wangeziacha.

Kinachoiua asasi ndogo zaidi ni kutojua. Niliposoma kisa hiki kwa mara ya kwanza nilidhani tatizo ni kiasi, sasa naamini tatizo kubwa zaidi ni muda. Fedha ya mwaka mmoja mmoja, inayothibitishwa miezi mitano kabla ya tamasha, haimwezeshi mkurugenzi kumwajiri mhasibu mzuri, wala kumwahidi bendi ya Msumbiji, wala kupata bei ya chini ya mitambo kwa mkataba wa miaka mitatu. Ndiyo maana habari njema ya kuelekea tamasha la 2023 ilikuwa na uzito: taasisi ya hapa hapa Zanzibar, Emerson's Foundation, ilijitokeza kuwa mdhamini mkuu kwa miaka mitatu. Mtu aliyewahi kuendesha asasi ataelewa kwamba neno tamu katika habari ile ni "mitatu." Wakati huo huo, ilibaki kuwa hisani ya binafsi. Hisani ina mwisho wa mkataba, na mwisho wa mkataba hauendi Barazani kujadiliwa.

Hata Februari 2021, dunia ikiwa imefunga majukwaa kwa sababu ya UVIKO-19, tamasha hili lilipunguzwa likafanyika kwa siku mbili. Uwezo wa kujibana upo. Uvumilivu upo. Wapigaji wapo, na watazamaji hujaa mpaka ngazi za Ngome zinakosa nafasi ya kuweka mguu.

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai. Tamasha la Februari nalo hutengenezwa Julai na Agosti: ndipo wasanii wanapochaguliwa, mikataba ya mitambo inaposainiwa, na tiketi za ndege zinaponunuliwa zikiwa bado za bei nafuu. Bajeti ikipita Chukwani, lilipo Baraza la Wawakilishi, na mstari mmoja wa ruzuku ya miaka mitatu kwa asasi ndogo za sanaa za jukwaani, mwandaaji anaingia Agosti akiwa na kalamu mkononi. Mstari huo usipokuwemo, anarudi mezani kuandika barua nyingine kwa balozi.